Lebo ni Ahadi: Tumejuaje Kwamba Unga Wetu Hauna GMO?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Kiminini. Tumeyachapa kwa ajili ya wanakikundi ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu. Vikundi vyetu vingi vinatengeneza unga wa uji: mahindi, soya, wimbi, mtama, na njugu karanga kidogo. Unga huo unafungwa kwa pakiti na kuuzwa hapa sokoni, Kitale, na hata kule Bungoma. Mnunuzi akishika pakiti anauliza bei, halafu anauliza, "Mama, hii haina GMO?" Na muuzaji anajibu upesi, "Haina kabisa!"

Basi mimi nawauliza: tumejuaje?

Vikundi vingine vinataka sasa kuandika maneno hayo kwenye pakiti. Sipingi. Lakini neno la mdomo hupita, na lebo hubaki mkononi mwa mtu. Lebo ni ahadi. Siku mmoja wetu akishikwa na uongo, wateja hawatauliza ni kikundi gani. Watasema "unga wa Kiminini", na sote tutakuwa tumeumia.

KWANZA, TUJUE TUNASEMA NINI

Wengi wetu tunachanganya GMO na haibridi. Hebu tuyatenganishe.

Haibridi, yaani mbegu chotara, hupatikana kwa kupandisha mahindi ya aina moja na mahindi ya aina nyingine. Chavua ya huyu inawekwa kwenye nywele za yule. Kazi hiyo tunaijua sana huku kwetu. Kenya Seed Company ilianzia hapo Kitale mwaka 1956. Mwaka 1964 ikatoka H611, mtoto wa mahindi yetu ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Hiyo 614 mnayoipanda kila Machi ni ya ukoo huo huo. Sio GMO, hata kama mbegu yake imepakwa dawa ya rangi. Rangi ile ni dawa ya kuzuia wadudu na ukungu, na ni onyo kwamba mbegu hiyo isiliwe.

GMO ni kitu kingine. Wanasayansi katika maabara huchukua jeni, yaani kile kipande kinachobeba sifa za kiumbe, mara nyingi kutoka kiumbe cha jamii nyingine, na kukiingiza ndani ya mmea. Kwa mfano, mahindi yanayoitwa Bt yamewekewa jeni kutoka bakteria wa udongoni, ili kiwavi akila shina afe. Mahindi ya namna hiyo yalijaribiwa hapo Kitale katika kituo cha utafiti cha KALRO, kwenye mashamba yaliyofungwa. Kujaribiwa sio kuuzwa. Tusiseme kwamba kila agroveti inauza GMO kwa siri.

Jambo lingine: GMO haziko katika kila zao. Duniani ziko nyingi katika soya, mahindi, pamba na mimea michache mingine. Zaidi ya theluthi mbili ya soya inayolimwa ulimwenguni ni GMO. Lakini wimbi la GMO haliuzwi popote, wala mtama. Kwa hiyo ukiandika "Haina GMO" kwenye pakiti ya wimbi tupu, hukudanganya, lakini unamfanya mnunuzi afikiri kwamba wimbi la jirani yako linayo. Hiyo sio haki kwa jirani. Kazi yetu ya kuchunguza iko kwenye mahindi na zaidi sana kwenye soya, kwa sababu soya nyingi inayotumika Kenya inatoka nje.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Tuna Sheria ya Usalama wa Viumbe ya mwaka 2009, na mamlaka ya taifa inayosimamia mambo hayo. Kanuni za lebo zilitoka mwaka 2012. Zinasema bidhaa yenye GMO zaidi ya asilimia 1 ni lazima iandikwe hivyo. Mwezi Novemba mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO nchini.

Desemba 2019 pamba ya GMO ikaruhusiwa kulimwa na wakulima. Wale wenye ng'ombe wa maziwa, kumbukeni hilo mnaponunua mashudu ya pamba. Tarehe 3 Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaondoa ile marufuku ya 2012. Watu wakaenda kortini. Novemba 2024 Mahakama Kuu ikatupilia mbali kesi, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi ule wa 2022 mpaka rufaa isikizwe. Mambo ya korti hubadilika, kwa hiyo kila kikundi kichague mtu mmoja wa kufuatilia habari hizi na kuwaeleza wenzake.

Mmesikia hiyo asilimia 1. Ulaya mpaka wao ni asilimia 0.9. Marekani, ambako lebo imekuwa lazima tangu Januari 2022, mpaka ni asilimia 5. Kwa nini hawasemi sufuri? Ni kwa sababu nafaka husafiri. Inapita kwenye lori, ghala na kinu, na punje za mtu mwingine hubaki humo. Kwa hiyo nawasihi, msiandike "Haina GMO asilimia 100". Hata mwenye maabara kubwa hathubutu kuapa hivyo.

KUNA NJIA MBILI ZA KUHAKIKISHA

Njia ya kwanza ni kupima. Kuna vijiti vya karatasi, kama vile vya kupima mimba katika zahanati. Unasaga nafaka, unachanganya na maji, unachovya kijiti, na baada ya dakika chache mstari unatokea au hautokei. Lakini kijiti kimoja hutambua protini fulani tu, kwa hiyo kijiti cha mahindi ya Bt hakitakuambia lolote juu ya soya ya aina nyingine. Maabara kubwa, kama ile ya KEPHIS, hutafuta jeni zenyewe. Kipimo hicho ni cha uhakika zaidi, na pia ni cha gharama zaidi.

Na kuna vitu ambavyo kupima hakusaidii sana. Mafuta ya kupikia yaliyosafishwa kiwandani karibu hayana protini wala jeni iliyobaki. Hapo huwezi kujua kwa kupima. Utajua tu kwa kuuliza mbegu ilitoka wapi.

Ndiyo njia ya pili: kufuata nyayo za chakula kutoka mbegu hadi pakiti. Hii haihitaji maabara. Inahitaji daftari na watu waaminifu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

HATUA SITA ZA KIKUNDI

1. Mbegu. Kila mwanachama anunue mbegu iliyothibitishwa na aweke risiti. Kwenye mfuko kuna kibandiko cha KEPHIS cha kukwangua. Kwangua, tuma namba ile kwa ujumbe wa simu kwenda 1393, na utajibiwa kama mbegu ni halali. Bandika kibandiko hicho ndani ya daftari la kikundi. Anayepanda mbegu ya nyumbani aandike ameipata wapi na tangu mwaka gani.

2. Shamba. Andikeni jina la mwenye shamba, ekari, tarehe ya kupanda na magunia aliyovuna. Mtu wa ekari moja akileta magunia sitini, mnajua mara moja kwamba mengine amenunua barabarani. Hapo ndipo lebo nyingi huvunjika, si shambani.

3. Kununua kutoka nje. Mahindi ya Uganda yanapita Suam, Lwakhakha na Malaba kila msimu. Siyasemi vibaya, maana bunge la Uganda lilipitisha mswada wa GMO mwaka 2017 na rais wao akakataa kuutia sahihi. Lakini gunia lisilo na mwenyewe halina historia. Kwa soya, msikubali neno la dalali. Takeni karatasi inayoonyesha nchi na shamba au chama kilichouza. Kama hakuna karatasi, soya hiyo isiingie katika unga wenye lebo.

4. Ghala. Magunia ya kikundi yakae upande wake, yawe na namba. Yasichanganywe na ya biashara ya mtu binafsi.

5. Kinu. Kabla ya kusaga unga wenu, sageni kwanza gorogoro moja au mbili ili kutoa unga wa mteja aliyetangulia. Unga huo wa kwanza mpeleke kwa kuku.

6. Sampuli. Chomeni kila gunia kwa bambo, mchanganye, mweke nusu kilo katika mkebe mkavu wenye tarehe na namba ya magunia. Namba hiyo hiyo iwe kwenye pakiti. Mtu akileta malalamiko, mnafungua mkebe na daftari, na ikibidi mnapeleka sampuli ikapimwe. Kama hamna mkebe, mtabaki mkibishana.

TUANDIKE NINI?

Mkifuata hatua hizo, mnaweza kusema ukweli ulio rahisi: "Mahindi ya unga huu yamelimwa na wanachama wetu Kiminini kwa mbegu isiyo ya GMO." Mteja akiuliza, mnamwonyesha daftari. Kabla ya kuchapa, muulize afisa wa kilimo au wa afya ya umma juu ya maneno hayo. Na msisahau kwamba unga wa pakiti unahitaji alama ya ubora ya KEBS. Haibadilishwi na maneno mengine yoyote.

Wengine wameniuliza juu ya alama ya Kilimohai. Hiyo ni alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki. Ilianza mwaka 2007 pamoja na kanuni moja ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Kanuni hiyo inakataa GMO. Uzuri wake ni kwamba wakulima wadogo wanaweza kuthibitishana kwa njia ya dhamana shirikishi: wanakubaliana masharti, wanatembeleana mashambani, wanaandika waliyoyaona, na kamati inaamua nani amefaulu. Mtandao wa kilimo hai wa Kenya, yaani KOAN, huongoza vikundi katika kazi hiyo.

Lakini tusidanganyane. Kilimohai inataka zaidi ya kukosa GMO. Mwenye kupanda kwa DAP na kukuzia kwa CAN hawezi kuitumia, na hao ndio wengi wetu hapa Trans Nzoia. Mahindi yake yanaweza kuwa hayana GMO, na bado si ya kilimo hai. Hizo ni ahadi mbili tofauti, na kila moja ina masharti yake. Na katika kutembeleana, mtu asimwonee haya shemeji yake. Ukifumba macho kwa ajili ya undugu, umetia sahihi uongo.

LEBO ISITUFUNGE MACHO

Nikimaliza, nataka mkumbuke jambo moja kubwa. Kati yetu kuna wanaosema GMO ni hatari, na kuna wanaosema ni msaada kwa mkulima. Mjadala huo hatutaumaliza leo. Mteja ana haki ya kujua anachokula, na hilo linatosha kutufanya tuseme ukweli. Lakini iko hatari moja ambayo haina mjadala, nayo ni sumu ya ukungu, aflatoksini. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Sumu ilitokana na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, hayakuwa na haja ya GMO ili kuua.

Basi pakiti ya "Haina GMO" yenye mahindi yaliyovunda ni nini? Ni kumpa mama chakula cha kumwua mtoto wake, huku umempa moyo kwamba ni salama. Kausheni mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Anikeni juu ya turubai, si kwenye udongo. Chagueni punje zilizooza kabla ya kusaga, na magunia yakae juu ya mbao. Hayo nayo yaandikwe katika daftari lile lile.

Kazi ya mwezi huu kwa kila kikundi ni hii: nunueni daftari moja, chagueni watu wawili wa kulitunza, na mwandike mbegu ya kila mwanachama. Tusianze na lebo. Tuanze na daftari, na tukikutana tena kila kikundi kije nalo, tusomeane. Kizuri chajiuza, lakini ni lazima kwanza tuwe na hakika kwamba ni kizuri.

Sasa tuingie kwenye maswali.