Mficha Maradhi: Mazungumzo na Wachimbaji Wadogo wa Mwakitolyo juu ya Madawa Mapya ya Kulevya



Nimetoka Visiwani, ambako heroini imetuachia makaburi ya vijana na mama wenye majonzi. Sikuja kumhukumu mtu. Nimekuja kutahadharisha, kwani penye kazi ngumu, usiku mrefu na fedha taslimu, muuza madawa hachelewi kufika.

Kwa heroini, matabibu wana silaha zao. Ipo naloksoni, inayomrudishia pumzi aliyezidiwa. Na ipo methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na kwetu Kidongo Chekundu mwaka 2015. Lakini sasa yameenea madawa yanayotengenezwa kwa kemikali tupu. Disemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Aprili 2024, Rais wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya dawa iitwayo kush, na wachunguzi wakakuta katika baadhi yake nitazini, kemikali zinazoweza kuishinda heroini kwa ukali mara nyingi.

Ndugu wananchi, hapa ndipo tabibu anapotatizika. Kwanza, vipimo vya kawaida vya mkojo havizitambui nitazini. Jibu huweza kuonesha kuwa mtu ni safi, naye yu mahututi. Pili, naloksoni huenda ikahitajika kurudiwa, kwani mgonjwa huamka kisha akazama tena. Tatu, methamfetamini haina dawa ya kuizimua. Mwili huchemka, moyo huenda mbio, akili huvurugika. Tabibu hana ila kumpoza, kumtuliza na kumlinda. Nne, muuzaji huchanganya hili na lile, hata mtumiaji mwenyewe hajui alichomeza.

Na hapa Mwakitolyo tatizo ni kubwa zaidi. Mtu akianguka kwenye duara, huenda amekosa hewa, amevuta moshi wa pampu, amepigwa na jiwe kichwani, ana malaria kali, au joto limemzidi. Huenda pia ametumia dawa ili asisikie uchovu. Dalili hufanana, na tiba hazifanani. Wenzake wakinyamaza kwa kuogopa polisi au aibu, tabibu hubaki akipapasa gizani, na dakika zinapita.

Kwa hiyo nawaomba haya. Msikimbilie kushuka kumwokoa mtu katika duara lenye hewa mbaya, msije mkafa wawili. Akishatolewa, mlazeni ubavu ikiwa anapumua. Msimnyweshe maziwa wala maji hali hana fahamu, wala msimwache alale peke yake kwa kudhani ulevi utamtoka. Mpelekeni kituo cha afya upesi. Aliyekuwa naye aende, aseme alitumia nini, saa ngapi, na achukue kikaratasi au kichupa kilichobaki.

Nanyi wauguzi, ulizeni kwa upole na faragha. Siri ya mgonjwa ni amana. Tabibu anauliza ili atibu, si ili ashitaki. Mgonjwa akidhalilishwa leo, kesho wenzake hawatamleta mwingine.

Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Dhahabu iliyopotea kwenye mchanga huweza kutafutwa tena kesho. Kijana aliyenyamaziwa na wenzake hatafutiki.