Kadiria Kwanza, Ndipo Upige Hesabu
(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha nne, Njoro)



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlioketi huko nyuma, nimepewa dakika chache kabla watu hawajaondoka kwenda kuandaa futari, kwa hivyo sitazunguka. Nataka tuzungumze juu ya zile hesabu ngumu za Fizikia na Kemia, pale saa inapokimbia na mkono unatetemeka.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Oktoba 2004, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza, tulifanya jaribio la Fizikia. Swali lilikuwa jepesi: kipande cha chuma kina gramu 391 na ujazo wa sentimita mchemraba 48.7, tafuta densiti yake. Nikafungua kitabu cha logi, nikatoa, nikarudi kwenye antilogi, nikaandika 80.3. Nikaenda swali la pili roho kunjufu. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu pembeni: "Duniani?"

Dhahabu yenyewe, na uzito wake wote ule, ni 19.3. Osmiamu, metali nzito kuliko zote, haifiki 23. Mimi nimeleta 80! Nilikosea tarakimu ile ya mbele ya logi, jibu likaruka mara kumi. Na kilichoniuma zaidi ni hiki: 391 ni karibu 400, 48.7 ni karibu 50, na 400 ukigawanya kwa 50 unapata 8. Sekunde tano tu zingeniokoa.

Siku hizi nyinyi mna kalkuleta. Mtasema, mambo ya logi yametupita. Lakini kalkuleta haijui ulichokusudia. Ukibonyeza nukta mahali pasipo pake, itakupa jibu la uongo kwa ujasiri uleule. Na ikizimika katikati ya mtihani, je? Kule Marekani, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, MCAT, hauruhusu kalkuleta kabisa. Wanaotaka kuwa madaktari wanakadiria kwa kalamu.

Sasa shikeni mambo matatu.

La kwanza, tenganisha nambari na vipeo vya kumi. Tuseme unatafuta urefu wa wimbi la mwanga: 3 × 10⁸ gawanya kwa 6.2 × 10¹⁴. Nambari peke yake: 3 kwa 6 ni 0.5. Vipeo peke yake: 8 toa 14 ni hasi 6. Jibu ni karibu 0.5 × 10⁻⁶, yaani 5 × 10⁻⁷ mita.

La pili, jiulize umeegemea upande gani. Hapo tumepunguza nambari ya chini, 6.2 ikawa 6. Ukigawa kwa kidogo unapata kingi, kwa hivyo jibu la kweli ni dogo kiasi. Na kweli, ni 4.84 × 10⁻⁷.

La tatu, kipeuo cha pili kisikutishe. Unataka cha 52? Saba mara saba ni 49, zimebaki 3. Gawanya hizo 3 kwa 14, yaani saba mara mbili, upate kama 0.21. Jibu: 7.21. Kalkuleta itakwambia hivyo hivyo.

Lakini tuelewane. Swali likisema "bila kutumia majedwali wala kalkuleta", makadirio siyo jibu. Onyesha hatua zako zote, maana hatua nazo zina alama. Makadirio ni mlinzi wa mlangoni: anakwambia jibu gani lisipite. Karatasi ya kwanza ya Fizikia ya KCSE ni saa mbili kwa alama 80, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Sekunde tano za mlinzi si hasara.

Na zoezi liko hapa hapa nyumbani. Njoro yetu iko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari. Kila ukipanda kama mita 300, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. 2,100 kwa 300 ni 7, basi hapa maji huchemka kwenye nyuzi kama 93. Ukipima 93 maabara, usiseme kipimajoto kimeharibika. Ukisoma 39, rudi ukasome tena.

Hata dukani leo. Tuseme msikiti unanunua sukari kilo 19, kila kilo shilingi 148. Ishirini mara 150 ni 3,000, na tumeongeza pande zote mbili, kwa hivyo haifiki hapo. Muuzaji akidai 3,200, mwambie kwa adabu apige tena.

Wazazi, mkimtuma mtoto dukani, mwulizeni kwanza, "Itakuwa kama ngapi?" Mtakuwa mmemfundisha Fizikia bila kujua.

Mwenyezi Mungu awafungulie. Wassalaam aleikum.