Jina Kabla ya Namba ya Siri



M-Pesa ilipoanza kwa jirani zetu Kenya mwaka 2007, mtumaji aliandika namba, kiasi na namba ya siri. Jina la mpokeaji alilisoma katika ujumbe wa uthibitisho, fedha zikiwa zimekwisha kuondoka. Aliyekosea tarakimu moja aligundua akiwa amechelewa, akajilaumu. Leo huduma nyingi huonesha jina kwanza, kwa kuwa hofu ya watumiaji ilisikika.

Basi ukikwama kwenye menyu, usikimbilie kusema umekosea wewe. Wengi wetu tuna tabia hiyo. Mweleze mtoa huduma hatua iliyokukwamisha na ulichotarajia kitokee ulipobonyeza. Asipokujibu, tuletee malalamiko yako kwa maandishi.