CHOMBO CHA GARINI KISEME KWA PANDE ZOTE MBILI

Ndugu Mwenyekiti, na ndugu zangu madereva na makanga wa Kitui na Makueni,

Nimeombwa niseme juu ya kile chombo kidogo kinachofungwa ndani ya matatu na mabasi. Wengi wetu twakiona kuwa ni mpelelezi wa tajiri. Basi kwanza tujue kazi yake.

Chombo hicho hupokea mawimbi ya setilaiti kutoka angani, na kwa hayo hujua gari liko wapi na linakwenda mbio kiasi gani. Kisha, kwa kadi ya simu, hupeleka habari hizo ofisini kupitia milingoti ya simu. Basi safari ya Kitui hadi Kibwezi, au Wote hadi Nairobi, yote huandikwa.

Faida iko. Kule Nairobi wanafunzi wa Chuo Kikuu walipanda matatu wakiwa na simu zinazopokea mawimbi hayo hayo, na mwaka 2014 ikatolewa ramani ya njia zaidi ya 130. Huku kwetu pia, mama mwenye magunia yake ya maembe kando ya njia angejua kama gari li karibu au bado.

Lakini nauliza: chombo kinachoandika mwendo wa dereva, je, hakiandiki pia saa zake za kazi? Sheria ya Trafiki yakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika muda wa saa 24. Tajiri akiona mwendo umepita kilomita 80, humlaumu dereva. Haangalii kwamba mtu huyo ameshika usukani tangu alfajiri mpaka usiku, akiitafuta ile hesabu ya jioni. Na dereva akisinzia, abiria wote wamo hatarini.

Ndugu zangu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa kila mtu haki ya kujua habari zake zatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, dereva apewe nakala ya habari zake kila mwezi. Pili, saa zake zihesabiwe kama unavyohesabiwa mwendo wake. Tatu, mtu asifukuzwe kwa neno la chombo kabla hajasikilizwa.

Hatukikatai chombo. Tunakataa shahidi anayeulizwa na upande mmoja tu. Mmoja wetu akidai peke yake ataachishwa kazi. Tukidai sote, tutasikilizwa.