Mtihani wa Kidato cha Nne kwa Walioacha Shule

Kati ya migomba ya Suneka na mashamba ya chai ya Nyansiongo wako watu wazima wengi waliosoma hadi Darasa la Nane, kisha karo ikawashinda, au mtoto akazaliwa, wakabaki nyumbani. Wengi wao hudhani ya kuwa mtihani wa K.C.S.E. ni wa wavaao sare peke yao. Sivyo. Baraza la Mitihani la Kenya humkubali pia mtahiniwa wa binafsi, wala umri haumzuii.

Litakiwalo kwanza ni hati ya mtihani wa shule ya msingi: K.C.P.E., ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, au C.P.E. uliotangulia. Tena yapasa iwe imepita miaka minne tangu mtihani huo, ndiyo miaka ya masomo ya sekondari. Aliyesoma nchi nyingine, kama Tanzania au Uganda, sharti hati yake ilinganishwe kwanza. Naye aliyekwisha kufanya K.C.S.E. asiridhike na alama zake aweza kuufanya tena.

Wengi hukwama kwenye hati yenyewe. Pengine imeliwa na mchwa, au imefungiwa kabatini shuleni kwa sababu ya deni la zamani. Kwa iliyopotea, Baraza huombwa uthibitisho wa matokeo, kwa malipo. Iliyozuiliwa ni jambo jingine: Sheria ya Baraza ya mwaka 2012 yamkataza mtu au shule yo yote kuzuia hati ya mtahiniwa. Deni lidaiwe kwa njia nyingine.

Kujiandikisha huanzia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, katika miezi ya mwanzo wa mwaka, na ada hulipa mtahiniwa mwenyewe. Mkaaji wa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, afadhali aulize mapema ni ofisi ipi imhusuyo.

Masomo hayapungui saba. Kiingereza, Kiswahili na Hesabu ni lazima, pamoja na sayansi mbili. Sayansi zina mtihani wa vitendo, na huo haufanyiki kwa kuazima daftari la jirani. Hutakiwa shule yenye maabara.

Darasa la mwisho lililofanya K.C.P.E. latazamiwa kufika Kidato cha Nne mwaka 2027. Mwenye hati sandukuni, akitaka kuketi pamoja nao au kabla yao, na aitoe sasa, aipeleke ofisini.