Kuongeza oili si kutengeneza gari

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Pita asubuhi kwenye kituo chochote cha teksi mjini, na pale gari lilipolala utaona doa jeusi. Mwenye gari analijua doa hilo. Dawa yake ameiweka kwenye buti: galoni ya oili. Kila baada ya siku mbili tatu anainua boneti, anamimina kidogo, anafuta mikono na kuingia barabarani. Ukimwuliza atakujibu, "Gari la zamani hili, linakula oili."

Wiki hii nataka tulizungumzie doa hilo, kwa sababu linawatia watu wengi hasara isiyo ya lazima.

Kula oili na kuvuja oili ni magonjwa mawili tofauti. Injini inayokula oili huiunguza ndani, na dalili yake ni moshi wa buluu kwenye ekzosti. Injini inayovuja huimwaga nje. Katika magari yaliyokwisha kutumika miaka kumi na zaidi, na hayo ndiyo mengi katika barabara zetu, mahali pa kwanza pa kutazama ni juu kabisa, kwenye tapeti kava, yaani kile kifuniko kilichofunika valvu, chenye mdomo wa kumiminia oili.

Kati ya kifuniko hicho na injini pana gasketi. Nyingi za siku hizi ni za mpira. Mpira huo hukaa kwenye joto kali kila siku, na baada ya miaka hukauka ukawa mgumu kama plastiki. Mpira mgumu haubonyei, na usiobonyea hauzibi. Hapo ndipo injini inapoanza kutoka jasho la oili.

Hasara huanza kwenye kutafuta ugonjwa. Oili hailali ilipotokea. Huteremka ubavuni mwa injini mpaka chini, ikadondokea pale injini inapoungana na gia boksi. Fundi asiye mwangalifu akilala chini ya gari huliona tone hilo na kutoa hukumu: "Mzee, sili ya krenki imekwisha. Lazima tushushe gia boksi." Gia boksi inashushwa, sili inabadilishwa, fedha inalipwa, na wiki inayofuata doa liko palepale.

Kabla hujakubali gari lishushwe chochote, taka injini ifutwe mpaka iwe safi. Litembeze siku moja au mbili, kisha mulika kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Pale panapoanzia unyevu, hapo ndipo penye ugonjwa. Kipimo hiki ni cha bure.

Wako watakaouliza, oili kidogo inayotoka ina ubaya gani? Waswahili walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Chini ya kifuniko hicho, upande mmoja wa injini, yapo mabomba ya ekzosti. Oili ya injini ikipata joto la nyuzi mia mbili na ushee hutoa mvuke unaoweza kushika moto, na mabomba hayo, gari likiwa limejaza abiria na linapanda mlima kama Kitonga, hupita joto hilo kwa mbali. Ile harufu ya kuungua inayoingia ndani ya gari ni onyo. Aidha, katika injini nyingi oili hiyo huingia kwenye mashimo ya plagi, na gari likaanza kukosa nguvu na kutetemeka. Tena injini ndogo ya sisi 1500 hubeba oili isiyofika lita nne. Ukisahau kuongeza kwa safari moja ndefu, injini inanoki.

Sasa kazi yenyewe. Kwa injini nyingi za silinda nne ni kazi ya saa chache, na si ya kushusha injini. Injini iachwe ipoe kabisa. Waya na koili za plagi zitolewe, na kila moja ijulikane inakorudi. Bolti zifunguliwe, kifuniko kiinuliwe taratibu. Gasketi ya zamani itolewe yote, na sehemu zote mbili zinapokutana zisafishwe kwa kitambaa mpaka zing'ae. Zisikwaruzwe kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya oili. Uchafu usidondokee ndani. Gasketi mpya ilazwe vizuri kwenye mfereji wake, na mipira inayozunguka mashimo ya plagi ibadilishwe papo hapo.

Katika kukaza ndipo wengi wanapoharibu. Bolti hizi hazitaki nguvu. Kipimo chake katika magari madogo mengi ni nyutonimita 10 hivi, wakati nati za gurudumu hukazwa kwa 100 hivi. Ni sehemu moja ya kumi! Kijana anayening'inia kwenye spana ndefu anapinda kifuniko au anakata bolti. Aanzie katikati akielekea pembeni, kidogo kidogo, kwa mizunguko miwili au mitatu.

Na ile gundi ya silikoni? Inayo kazi yake: tone dogo kwenye zile kona ambazo mtengenezaji ameagiza, basi. Kuipaka pande zote kama siagi kwenye mkate ni hatari. Inayozidi hubanwa ikaingia ndani, ikakatika vipande, vikaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Injini iliyokuwa ikivuja tu sasa inakosa oili kabisa.

Jambo la mwisho kwa fundi ni kutazama valvu ndogo ya kupumulia injini pamoja na bomba lake. Ikiziba kwa tope la oili, hewa hujaa ndani ya injini na kuisukuma oili nje. Ukiiacha hivyo, hata gasketi mpya haitadumu.

Ndugu wasikilizaji, ni rahisi kuwalaumu mafundi. Lakini hebu tujiulize, ni nani aliyewafundisha kupaka gundi? Mara nyingi ni sisi. Fundi anasema gasketi inunuliwe, mwenye gari anajibu, "Paka tu gundi, nina haraka." Fundi anataja ujira wa haki, mwenye gari anakata nusu, kisha anashangaa kazi nayo imekuwa nusu. Bei ya gasketi hii ni ndogo mno ukiilinganisha na injini. Hesabu tu galoni za oili ulizomwaga barabarani tangu mwaka jana.

Kwa hiyo, kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari, inama utazame chini. Ukiliona doa, usikimbilie galoni. Inua boneti, futa, mulika. Ukipata chanzo kiko juu, nunua gasketi iliyo sawa na injini yako, mlipe fundi haki yake, nawe usimame karibu akifanya kazi.