Harufu ya Mpira Unaoungua

Leo tunasoma habari ya motokaa. Huenda wewe huna gari. Lakini hupanda gari la mwenzio, au hupakia mahindi yako ndani yake. Basi somo hili ni lako pia.

Tuseme unatoka Korogwe kwenda Handeni kwa pikapu. Safari ni ya kilomita 65, na barabara sasa ni ya lami. Magunia yamo, na watu wamo. Mara mnasikia harufu ya mpira unaoungua. Dereva anasema, "Si kitu, tutafika." Je, ni kweli?

Si kweli. Gari halina kinywa. Likiumia hutoa mlio, moshi au harufu. Kwa hiyo simameni mahali tambarare, kando ya barabara. Zima mashine. Abiria washuke. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ukiona moshi mwingi au moto, usifungue boneti. Watu wakae mbali.

Kama hakuna moto, jiulize: harufu ilianza wapi? Katika kupanda, katika kushuka, au penye mashimo?

KUPANDA. Handeni iko juu kuliko Korogwe, kwa hiyo ukienda huko mashine hufanya kazi nzito. Ikiisha kupoa, fungua boneti utazame mkanda wa feni. Mkanda unaoteleza hung'aa kama kioo, na mara nyingi hupiga kelele. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Ukizama zaidi sana ya sentimita 1, umelegea. Katika magari mengi ya zamani hukazwa kwa kulegeza bolti ya oltaneta, kuivuta nje kidogo, kisha kuikaza tena. Mikanda ya magari mengi mapya hujikaza yenyewe. Hiyo mwachie fundi.

Lakini usibadilishe mkanda tu ukaondoka. Uliza kwa nini umeungua. Mkanda ukitolewa, zungusha kila puli kwa mkono. Ikiwa moja ni nzito au inakwaruza, beringi yake imekufa, nayo itaunguza hata mkanda mpya. Katika magari mengi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, maji huchemka na mashine huharibika. Wala usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto. Maji yatakurukia usoni.

Kama mkanda ni mzima, fikiri klachi. Klachi inayoungua nayo hunuka vibaya. Mashine hunguruma sana, lakini gari haliongezi mwendo. Dereva anayepumzisha mguu juu ya klachi huiunguza mwenyewe.

KUSHUKA. Sasa mnarudi Korogwe. Harufu ikija hapa, shaka ya kwanza ni breki. Sogeza mkono karibu na kila gurudumu, lakini usiguse. Moja likiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake imeshika. Usilimwagie maji baridi, maana chuma huweza kupinda au kupasuka. Ngoja lipoe, kisha mwite fundi. Breki zilizopata moto mno hazishiki, hata ukikanyaga kwa nguvu zote. Ndiyo maana dereva mwangalifu hushuka kwa gea ndogo, wala hategemei breki peke yake.

PENYE MASHIMO. Harufu ikija gari linaporuka, tazama tairi za nyuma. Pengine zinasugua bodi kwa sababu mzigo umezidi. Tufanye hesabu. Pikapu yenye ruhusa ya kubeba tani 1 huchukua kilo 1,000, pamoja na watu. Watu 4 wa kilo 70 ni kilo 280. Zinabaki kilo 720. Gunia la mahindi likiwa kilo 100, pakia magunia 7, si 10. Gunia la nane linalipiwa nauli leo, lakini kesho hudai tairi, na siku nyingine hudai mtu.

Mwisho, nakuambia wewe abiria. Usinyamaze kwa kuona haya. Dereva amezoea gari lake, na pengine pua yake imezoea harufu yake. Wewe ndiwe utakayeisikia kwanza. Andika maneno haya katika daftari, uyasome mpaka uyajue:

"Ndugu dereva, nasikia harufu ya mpira. Tusimame tutazame."

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini haitoshi kubadilisha mkanda tu?
2. Gurudumu lenye moto kuliko mwenzake linatuambia nini?
3. Watu wakiwa 6 wa kilo 70, pikapu ile itachukua magunia mangapi?

Kwaherini mpaka somo lijalo.